Hansaviertel, Karl-Marx-Allee au Corbusierhaus: una siku moja Berlin, uende wapi?

Mtu akija Berlin akishamaliza geti la Brandenburg, ukuta na ule mnara wa TV, halafu akabakiwa na siku moja na ni mtu wa kupenda majengo, lazima ataulizia haya maghorofa ya baada ya vita. Na hapo ndo anachanganywa, maana huyu atamwambia nenda Hansaviertel, yule atamwambia Hansaviertel ni maghorofa tu we nenda Karl-Marx-Allee, na wa tatu ambaye kasoma usanifu atamwambia achana na hayo yote kaone jumba la Le Corbusier, yule msanifu maarufu. Wote hawajakosea, ila kila mmoja anakuelekeza kwa anachokipenda yeye.

Kwa asiyezijua hizi sehemu, haraka haraka. Hansaviertel ni mtaa uliojengwa upya pembeni ya bustani kubwa ya Tiergarten, Berlin Magharibi, kwa ajili ya maonyesho ya ujenzi ya Interbau ya mwaka 1957. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kusema "huu mtaa nimeuchora mimi", waliitwa wasanifu zaidi ya 50 kutoka nchi zaidi ya kumi, kila mtu kipande chake. Karl-Marx-Allee iko mashariki, ni barabara pana ajabu inayotoka Alexanderplatz hadi Frankfurter Tor, kilomita mbili na ushee, na mwanzoni iliitwa Stalinallee. Corbusierhaus ni jengo moja tu, lakini jengo lenyewe lina fleti 530, liko magharibi kabisa karibu na uwanja wa Olimpiki.

Nitazipima zote tatu kwa mambo yaleyale: kwa nini zilijengwa, ukifika unaona nini, unaruhusiwa kuingia wapi, usafiri na miguu yako, na maisha ya wanaoishi pale. Uzuri sijauweka kwenye vipimo, uzuri kila mtu na macho yake na hapo hatutaelewana mpaka kesho.

Zilijengwa kwa nini

Hapa inabidi tuanzie mashariki maana wao ndo walianza, na ukiruka hiki kisa utazunguka Hansaviertel nzima bila kuelewa kwa nini ipo.

Vita vimeisha, mji ni vifusi na umegawanywa, mashariki chini ya Wasovieti, magharibi chini ya Marekani na wenzake. Upande wa mashariki mpango wa kwanza ulikuwa wa kisasa tu, nyumba nyepesi za kawaida katikati ya miti, na mbili kati ya hizo bado zipo, zimechorwa na mwanamke anaitwa Ludmilla Herzenstein, zina zile korido za nje ambazo unapita mbele ya mlango wa jirani. Alafu mwaka 1950 wakubwa wakaenda Moscow, wakarudi na msimamo mpya kwamba nyumba za wafanyakazi zifanane na kasri. Barabara ilikuwa imeshapewa jina la Stalin Desemba 1949, alipotimiza miaka 70 kwa hesabu rasmi, na kuanzia 1952 ujenzi mkubwa ukaanza. Zile nyumba mbili za Herzenstein zikapandiwa miti mbele ili zisionekane sana. Kweli kabisa, nenda kaangalie, miti bado ipo.

Sasa kumbe wanaojenga kasri za wafanyakazi ni wafanyakazi wenyewe, na mwaka 1953 serikali ikawaongezea kiwango cha kazi kwa asilimia 10 bila kuongeza mshahara. Tarehe 16 Juni mafundi wa Stalinallee wakaweka vifaa chini wakaandamana, kesho yake tarehe 17 nchi nzima ikawaka, vifaru vya Kisovieti vikaingia mitaani. Ukitaka kujua hizi sehemu zinahusianaje angalia tu ramani: ile barabara kubwa ya magharibi inayopita katikati ya Tiergarten, hatua chache toka Hansaviertel, inaitwa Straße des 17. Juni. Magharibi waliipa barabara yao tarehe ya mgomo wa mafundi wa mashariki. Ndo barabara hiyohiyo ambayo akina Kipchoge wanaanzia mbio za Berlin Marathon, na mbio zenyewe zinapita Strausberger Platz kwenye Karl-Marx-Allee, kwa hiyo kama umewahi kuangalia marathon ya Berlin kwenye TV ushaziona sehemu zote mbili bila kujua.

Hansaviertel basi ni jibu la magharibi kwa Stalinallee. Ule mtaa wa zamani, uliokuwa na familia nyingi za Kiyahudi kabla hazijafukuzwa na kupelekwa kuuawa, ulipigwa mabomu mwaka 1943 ukabaki magofu. Mashindano ya kuupanga upya yalifanyika 1953, mwaka uleule wa mgomo, na wazo lilikuwa kuonyesha dunia kwamba kwetu huku hakuna mtu mmoja anayeamua nyumba iweje: huyu Mbrazili, huyu Mfini, huyu Mfaransa, huyu Mdenishi, wote wachore wanavyojua, nyumba zisimame ndani ya kijani bila kupangwa kijeshi. Maonyesho yalifunguliwa Julai 1957 na ukuta ulikuwa haujajengwa bado, kwa hiyo hata watu wa mashariki walivuka kuja kuangalia. Propaganda? Ndio, pande zote mbili. Lakini ni propaganda iliyoacha nyumba zinazokalika mpaka leo, na hilo sio jambo dogo.

Corbusierhaus nayo ni ya Interbau, ni sehemu ya jibu hilohilo, ila Le Corbusier alikuja na jumba kubwa kama lile alilomaliza Marseille mwaka 1952 na kule Tiergarten halikutosha, wakampa kiwanja mbali, juu ya kilima. Kwa hiyo kisiasa ni ndugu wa Hansaviertel, kimawazo ni mtu na mambo yake. Wakati wengine wanagombana kuhusu mtaa, yeye anasema mtaa mzima naweza kuusimamisha ndani ya jengo moja.

Ukifika unaona nini

Karl-Marx-Allee inakupiga palepale, huhitaji maelezo. Panda treni ya chini U5 shuka Frankfurter Tor, toka nje, una minara miwili yenye kuba imekaa kama walinzi pande zote mbili za barabara, kazi ya Hermann Henselmann, aliyeiga kuba za makanisa ya Gendarmenmarkt katikati ya mji. Toka hapo hadi Strausberger Platz ni majengo marefu yanayoendelea na kuendelea, nguzo, mapambo, sanamu ndogo, kuta zimefunikwa vigae vya kauri. Vigae hivyo baadaye vilianza kudondoka mpaka ikawa hatari kupita chini, ukarabati mkubwa ukafanyika baada ya nchi kuungana. Henselmann hakuwa peke yake, kuna Hartmann, Paulick, Hopp, Leucht na Souradny, sita hao, kwa hiyo hata hapa "wasanifu wengi" ipo, tofauti ni kwamba wote walipewa wimbo mmoja wa kuimba.

Ukivuka Strausberger Platz kuelekea Alexanderplatz mambo yanabadilika ghafla na wengi hawajui kwa nini. Stalin ameshakufa, mapambo yamekuwa gharama na aibu, kuanzia 1959 wakajenga kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kuja kupachikwa, mistari mitupu, nafasi nyingi, na katikati vijumba vya kifahari kama sinema ya Kino International ya 1963 na Café Moskau yenye mfano wa Sputnik juu ya paa. Jina la Stalin lenyewe likatolewa Novemba 1961 na sanamu yake ikang'olewa usiku. Yaani unatembea barabara moja unaona serikali ileile imebadilisha mawazo. Mi naona hiki ndo kitu bora cha Karl-Marx-Allee na watu wengi wanageuza njiani kabla hawajakifikia.

Na kwa mtu wa Zanzibar hapo kuna la ziada. Nyumba za Kikwajuni na Kilimani zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya mapinduzi ya 1964, na zile ndefu za Michenzani zikafuata, na ukisimama hapo karibu na stesheni ya Schillingstraße utajua mara moja hizi nyumba zina undugu. Undugu uko na hii sehemu ya pili ya mistari mitupu, na zile kasri za mwanzo hazihusiki. Kama umekulia hayo maghorofa ya Unguja au una shangazi anakaa huko, hii sehemu usiikose.

Hansaviertel yenyewe haikupigi. Ukishuka Bellevue au Hansaplatz ukategemea kupigwa utaondoka umenuna, utaona miti, nyumba nyeupe nyeupe, mama na kigari cha mtoto, basi. Inataka uzunguke polepole ukijua hii ni ya nani, maana utamu wote uko kwenye kulinganisha jengo na jengo: watu tofauti wamepewa mtihani mmoja, wa fleti za bei ya kawaida kwa familia za kawaida, na kila mtu kajibu kivyake.

Anza na ya Oscar Niemeyer pale Altonaer Straße, jengo refu limesimama juu ya miguu ya V ili upite chini yake, na mnara wa lifti umekaa pembeni peke yake, umeshikana na jengo kwa madaraja, lifti yenyewe haisimami kila ghorofa, yaani unashuka kisha unamalizia kwa ngazi. Mbrazili huyu wakati huohuo alikuwa anaanza kazi ya Brasília. Kisha nenda kwa Alvar Aalto, Klopstockstraße, kwa nje hamna kitu, nakwambia ukweli hamna kitu, boksi la kijivu, ila ndani ndo mwanaume kafanya kazi: sebule iko katikati kama ukumbi, vyumba vyote vinaizunguka, na roshani imeingizwa ndani ya nyumba badala ya kuning'inia nje, kwa hiyo hamna korido ndefu ya giza ya kupoteza mita. Wanaoishi fleti za Dar au Nairobi ambazo robo ya nyumba ni korido wataelewa hapa nasifia nini.

Walter Gropius, yule mwanzilishi wa shule ya usanifu ya Bauhaus, yake iko Händelallee, imepinda kidogo kama inakumbatia bustani, roshani zake nyeupe zinatoka nje zikibadilishana pande, fleti 66. Jirani na hapo Arne Jacobsen kafanya kinyume kabisa, vijumba vya chini visivyo na ghorofa, kila kimoja na uwanja wake wa ndani, wa pwani atasema hii si ndo nyumba ya kwetu yenye ua. Upande wa reli kuna minara mitano imejipanga, mmojawapo wa Waholanzi van den Broek na Bakema ambao sakafu za ndani wamezipishanisha nusu ghorofa. Na lile la ghorofa 17 pale Klopstockstraße wenyeji wanaliita Twiga, jina ambalo sisi tutalipokea bila ubishi.

Makanisa mawili yapo, na la Kaiser-Friedrich lina mnara wa matundu matundu ambao Waberlin wameupachika jina la kitu cha kutobolea roho. Sokoni pale Hansaplatz kuna maktaba na ukumbi wa Grips, ukumbi wa michezo ya watoto na vijana. Bustani pia walipewa wataalam wake, na walichofanya ni kutoweka uzio kati ya nyumba na nyumba, Tiergarten inaingia tu mpaka mlangoni kwa mtu.

Corbusierhaus: unashuka stesheni ya Olympiastadion, unapanda kidogo, na linatokea juu ya miti, urefu kama mita 140, kimo zaidi ya mita 50, ghorofa 17, roshani zimepakwa rangi za kuwaka. Limesimama juu ya nguzo nene. Korido zake za ndani zinaitwa mitaa, mitaa ya kweli yenye namba, fleti nyingi zina ngazi ndani yaani ni mbili juu kwa chini na zinatoboa jengo upande hadi upande, asubuhi jua la mashariki jioni la magharibi. Ila kuna ugomvi wake wa kujua kabla hujaenda. Le Corbusier alikuwa na vipimo vyake, dari alitaka mita 2.26, sheria ya ujenzi ya Berlin ikasema 2.50 na hamna mjadala, wakabadilisha na mengine, maduka yale ya ghorofa ya kati yaliyoko Marseille hayakuwekwa, bustani ya juu ya paa hakuna, mzee akakasirika akajitenga na kazi. Kwa hiyo kama umeshaona la Marseille hili litakuonyesha kilichopungua. Kama hujaona, hili bado ni jitu na litakushangaza.

Kuingia ndani

Hili ndo swali watu wanasahau kuuliza. Zote tatu ni nyumba za watu, kuna watoto wanafanya homework humo, huwezi kubonyeza kengele ukasema nimekuja kuangalia sebule ya Aalto.

Hansaviertel inakupa vya bure vingi zaidi. Maktaba unaingia kama mtu yeyote, makanisa yakiwa wazi unaingia, na Akademie der Künste pale Hanseatenweg, jengo la Werner Düttmann la 1960, ina maonyesho na sehemu ya kukaa, na kwangu hilo jengo ni moja ya sehemu tulivu kuliko zote mjini. Kupita chini ya nyumba ya Niemeyer hakuna wa kukuuliza.

Karl-Marx-Allee ina maduka na kahawa chini, unaingia unatoka. Café Sibylle ina maonyesho madogo ya historia ya barabara pamoja na vipande vya ile sanamu ya Stalin, sikio na kipande cha sharubu, ila cheki kwanza kama wako wazi siku hiyo. Kino International ni sinema, kununua tiketi ya filamu ndo njia nzuri ya kukaa ndani, nayo uangalie ratiba kabla.

Corbusierhaus ndo ngumu. Nje unazunguka, pale chini kwenye lango utaona kidogo, lakini utamu wote uko ndani na ndani unahitaji ziara iliyopangwa. Uliza mapema, wiki kadhaa kabla, usiende kubahatisha. Au kama safari yako inaweza kuangukia Jumapili ya pili ya Septemba, hiyo ndo siku Ujerumani nzima majengo ya urithi yanafunguliwa kwa watu, na hapo hata Hansaviertel na Karl-Marx-Allee zinakuwa na milango iliyo wazi ambayo siku nyingine imefungwa.

Usafiri, miguu na tumbo

Zote ziko ndani ya kanda A na B, tiketi moja ya siku inatosha. Na kuna bahati: treni za S3 na S9 zinapita Alexanderplatz, zinapita Bellevue ambayo ni Hansaviertel, na zinaenda hadi Olympiastadion, kwa hiyo ukikaza unaweza kugusa zote tatu kwa laini moja. Toka Bellevue hadi Olympiastadion ni chini ya nusu saa. Sikushauri lakini, utaona vyote na hutakumbuka kimoja.

Kwa miguu, Karl-Marx-Allee ni ndefu na wazi, upepo wa Januari pale unakata masikio na jua la Julai halina kivuli, ila ukichoka U5 iko chini yako njia nzima. Hansaviertel ni tambarare, miti mingi, kigari cha mtoto au mzazi mwenye magoti inawafaa. Corbusierhaus ina kipandio kidogo lakini kuzunguka jengo lenyewe haichukui muda.

Chakula: Karl-Marx-Allee na mitaa ya nyuma yake Friedrichshain huwezi kulala njaa. Hansaplatz pana vya kutosha kutuliza tumbo ila sio vya kusifia, na Jumapili maduka ya Ujerumani yanafungwa kwa hiyo beba chako. Corbusierhaus usitegemee kitu, kula kabla.

Wanaoishi huko, na kama we unatafuta pa kupanga

Kuna ambao sio watalii, wako Berlin tayari na wanaota kukaa kwenye moja ya hizi. Sawa, tuongee.

Karl-Marx-Allee enzi zile fleti ilikuwa zawadi: joto la pamoja, bafu ndani, lifti, wakati sehemu kubwa ya mji watu wanabeba makaa ya mawe ngazini. Kulikuwa hadi na bahati nasibu kwa waliojitolea kuondoa vifusi. Leo vyumba ni vikubwa na dari juu, ila barabara ina magari na kelele zake, omba upande wa nyuma. Umiliki nao umepita mikono mingi baada ya muungano, na mwishoni mwa 2018 iliposikika kwamba mamia ya fleti zinauzwa kwa kampuni kubwa wapangaji walitundika mabango madirishani kilomita nzima, mwaka uliofuata mji ukaishia kuzinunua. Wapangaji wa pale wanajuana na wanajua kupigana.

Hansaviertel ni ya watu wanaokaa muda mrefu, wengine tangu ujana, na ikitokea fleti inapita kwa jirani na rafiki kabla hata haijatangazwa. Mchanganyiko wa kupanga na kununua. Faida ni utulivu na bustani, hasara ni kwamba jioni kumekufa, kijana wa kupenda mitoko ataona yuko kijijini. Na kwa kuwa mtaa umelindwa kisheria kama urithi huwezi kubadilisha madirisha unavyotaka.

Corbusierhaus fleti zake zilianza kuuzwa mojamoja mwishoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo unapanga kwa mwenye fleti. Kuna nyingi ndogo za mtu mmoja, ambazo ndo nafasi halisi kwa mwanafunzi au mtu aliyekuja na begi moja. Mandhari ni ya kufa mtu hasa ghorofa za juu, ila uko mbali na mji, na siku ya mechi stesheni inajaa mashabiki. Na korido za ndani hazina mwanga wa jua, kuna wanaozipenda na kuna wanaozikimbia baada ya mwaka mmoja.

Sasa we uende wapi

Kama ni mara yako ya kwanza Berlin na hujawahi kusoma chochote cha usanifu, na unataka kitu ambacho ukikiona tu unakielewa, nenda Karl-Marx-Allee. Anzia Frankfurter Tor utembee kuelekea Alexanderplatz, usigeuze Strausberger Platz, maliza. Hii pia ndo ya mpenda siasa na historia, na ya mtu wa Unguja kwa sababu nilizosema.

Ukiwa mwanafunzi wa usanifu, fundi, au mtu anayejenga nyumba yake huko nyumbani na anatafuta namna ya kupanga vyumba, Hansaviertel bila kusita, tena jipe nusu siku na pakua ramani za ndani za fleti kabla ya kwenda, bila hizo utaona kuta tu. Wenye watoto pia Hansaviertel. Wenye wazazi waliokuja kutembea vilevile, wakae bustanini we uzunguke.

Umeshaona hizo mbili safari iliyopita, au wewe ni shabiki wa Le Corbusier, au umefanikiwa kupata ziara ya ndani: Corbusierhaus. Bila ziara ya ndani mi ningeiweka ya mwisho, labda uwe unaenda uwanjani pia, maana uko jirani, na kwa Mkenya ule uwanja una maana yake, hapo ndo David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 Agosti 2010. Hapo safari inajilipa.

Una siku nzima na miguu mizuri? Asubuhi Karl-Marx-Allee, mchana Hansaviertel, kwa mpangilio huo, maana ukianza na jibu kabla ya swali utashangaa wanabishana nini. Berlin yenyewe iliwahi kuzipeleka pamoja kuombewa urithi wa dunia, kwa hiyo hata mji umekubali moja bila nyingine ni nusu stori. Na kama wewe ni Mtanzania na jioni bado una nguvu, Hansaplatz panda U9 hadi Leopoldplatz, badili U6 hadi Afrikanische Straße: mtaa wa huko ambao mwanzoni ulipewa jina la kumkumbuka Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, sehemu yake moja tangu 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Ni kibao tu cha barabara, lakini piga picha tuma kwa group la familia.